Jahez si mahari, na Humsafar si ya Kihindi

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako likiandika habari za Humsafar, tamthilia ya Pakistan, au za Fawad Khan na Mahira Khan walioigiza humo, huiita "tamthilia ya Kihindi". Mitaani nako husemwa hivyo hivyo, na wanaojaza flashi za watu huziweka zote folda moja na sinema za Bombay. Tunaomba lirekebishwe, na si kwa ajili ya jina peke yake. Watazamaji waliozoea tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili wanazitaka na hizi pia. Anayeanza kuzitafsiri huku akidhani ameshika kitu cha Kihindi chenye maandishi ya Kiingereza chini ataharibu kisa tangu sehemu ya kwanza. Kazi yetu sisi tunaoandika barua hii ni maandishi ya chini, na makosa tunayoyataja hapa ni yale yanayorudi kila mara.

Humsafar ilirushwa na Hum TV ya Karachi, Pakistan, kila Jumamosi usiku kuanzia Septemba 2011 hadi Machi 2012. Ni sehemu 23 tu, basi, imekwisha. Hapo peke yake pana tofauti kubwa na tamthilia ndefu za India, kama Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi iliyoanza 2000 ikaenda hadi 2008 na kupita sehemu 1,800. Farhat Ishtiaq aliiandika Humsafar kutokana na riwaya yake mwenyewe, Sarmad Khoosat akaiongoza. Kwa kuwa mwandishi ni mmoja na anajua anakokwenda, neno linalodondoshwa mapema hurudi mwishoni likiwa na uzito mwingine. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mfasiri ni kuzitazama zote 23 kabla ya kuandika mstari hata mmoja. Anayetafsiri sehemu moja moja kadiri inavyomfikia hujifunga kwa neno la sehemu ya tatu, akifika ya ishirini anajikuta hana pa kutokea.

Lugha yake ni Kiurdu, lugha ya taifa ya Pakistan, inayoandikwa kwa herufi za Kiarabu zilizopitia kwa Waajemi. Wapakistani wengi Kiurdu si lugha ya mama kwao. Nyumbani mtu husema Kipunjabi, Kisindhi au Kipashto, na Kiurdu huwakutanisha, kama Kiswahili kinavyowakutanisha Msukuma na Mmakonde. Mtu wa Delhi na mtu wa Karachi wakizungumza mambo ya kawaida husikilizana bila mkalimani, na ndiyo sababu watu wanachanganya. Lakini Kiurdu kikipanda kwenye mapenzi, adabu, dini na ndoa huchota katika Kiarabu na Kiajemi, visima ambavyo nasi tumechota. Sikiliza vizuri utakuta dunia, wakati, habari, subira, kismati. Hata jina la tamthilia: hum ni pamoja, safar ni safari. Mwenzi wa safari. Chaneli ya Kiarabu ya MBC Bollywood ilipoitia Kiarabu iliipa jina la Rafiq al-Ruh, na Waswahili walioko Oman hawakuhitaji kamusi kulielewa hilo.

Sasa tuingie ndani. Shina la kisa ni ujamaa wa damu na ndoa, na ujamaa ndicho kitu cha kwanza kinachokufa mtu akitafsiri kutoka kwenye maandishi ya Kiingereza. Kiingereza kina neno moja tu kwa mama mdogo, shangazi na mkaza mjomba. Kina neno moja kwa ami, baba mkubwa na mjomba. Kiurdu kina yote: mamu ni mjomba, chacha ni baba mdogo, taya ni baba mkubwa, phupho ni shangazi, khala ni dada wa mama, mumani ni mke wa mjomba. Dadi ni bibi mzaa baba, nani ni bibi mzaa mama. Saas ni mama mkwe, bahu ni mkaza mwana, nand ni wifi. Sisi nasi tunayo karibu yote, na aibu kubwa ni kuyaacha yetu tukashika "anti" na "anko".

Tazama jinsi linavyoumiza. Maimoona anaumwa saratani, naye ana binti mmoja, Khirad. Kaka yake Maimoona ni Baseerat, tajiri wa Karachi. Baseerat anamwoza Khirad kwa mwanawe Ashar, kwa hiyo Khirad anaolewa na mtoto wa mjomba wake. Mkewe Baseerat ni Farida, na Farida alishamweka moyoni Sara, binti wa dada yake Zarina. Mfasiri wa Kiingereza akimfanya Farida kuwa anti wa Khirad na anti wa Sara vilevile, na wa Kiswahili akaandika "shangazi" pande zote mbili, mtazamaji ataona wasichana wawili wenye haki sawa kwa mwanamke mmoja, asielewe kwa nini mmoja anapendwa na mwingine anachukiwa kama ukoma. Andika sawasawa, na kisa kinajieleza chenyewe. Kwa Sara, Farida ni mama yake, mkubwa au mdogo. Kwa Khirad, Farida ni mkaza mjomba, kisha akawa mama mkwe. Na Khirad kwa Farida ni mtoto wa wifi. Mtu yeyote wa Tanga au Lamu akisikia kwamba mama alitaka mwanawe aoe kwa dada yake, baba akamwozesha kwa wifi, hahitaji kuelezwa zaidi. Chuki yote ya Farida imo humo.

Papo hapo pana kosa la jiografia ambalo ni jepesi kulikwepa. Khirad na mama yake wanakaa Hyderabad. Ni Hyderabad ya Sindh, Pakistan, kama kilomita 160 kutoka Karachi. Si ile ya India. Anayeongeza "nchini India" kwa nia ya kumsaidia mtazamaji amewavusha watu mpaka ambao haukuvukwa.

Kosa linalotukera kuliko yote ni jahez. Katika Humsafar halina uzito mkubwa, lakini tamthilia nyingi za Pakistan zimejengwa juu yake. Jahez ni mali ambayo upande wa binti hutoa: samani, friji, vyombo, dhahabu, pengine gari. Kiingereza huliita kwa neno ambalo kamusi nyingi za shule hulifasiri "mahari". Mfasiri anaandika mahari, na kisa kizima kinageuka miguu juu kichwa chini. Baba anayeuza kiwanja ili apate jahez ya binti yake anakuwa baba anayeuza kiwanja ili alipe mahari, na mtazamaji wa Dodoma anashangaa: baba wa bibi harusi tangu lini akatoa mahari? Mama mkwe anayemsimanga mkaza mwana kwamba alikuja mikono mitupu anaonekana mwendawazimu. Mahari ya kweli, ile ambayo bwana harusi anamtolea mkewe, wao huiita haq mehr, na hutajwa wakati wa kufunga ndoa. Yote mawili yanaweza kutokea katika sehemu moja ya tamthilia, na ukiyaita jina moja umekwama. Ushauri wetu: mehr iwe mahari; jahez liachwe "jahez" mara ya kwanza pamoja na maelezo mafupi ndani ya maneno ya mhusika, kisha liwe "vyombo vya bibi harusi" au "mali ya kwao binti". Pakistan ina sheria ya mwaka 1976 inayoweka kikomo cha jahez kuwa rupia 5,000. Mhusika akilalamika kuhusu "sheria ya jahez", ndiyo hiyo anayoizungumzia, na mfasiri akiandika mahari amemfanya mhusika aseme kwamba serikali imezuia mahari.

Karibu na hapo pana nikah na rukhsati. Nikah ni kufunga ndoa. Rukhsati ni kumtoa binti kwao kwenda kwa mumewe. Zinaweza kufanywa siku moja au zikapishana miezi. Ukiandika "harusi" kwa zote mbili, msichana anaolewa mara mbili na mtu yule yule.

Kisha talaka. Wanaosimulia Humsafar kwa Kiingereza humtaja Khirad, baada ya kufukuzwa, kwa neno lenye maana ya mke aliyetengana na mumewe. Tumeliona likigeuzwa "mtalaka wake". Hapana. Ashar hakumwacha Khirad. Farida alipanga hila, akamtumia Khizar aliyesoma chuo na Khirad kudai kwamba wana uhusiano, Ashar akaamini, usiku ule Farida akamtoa Khirad nje, naye alikuwa na mimba. Talaka haikutolewa. Miaka inapita, Khirad anarudi na mtoto mwenye ugonjwa wa moyo, Hareem, kudai gharama za matibabu, na kisheria bado ni mke wa mtu. Mambo yote ya sehemu za mwisho yamekaa juu ya jambo hilo. Wakipatana hakuna ndoa mpya inayofungwa, na haihitajiki. Ukishamwandika mtalaka, watazamaji wetu, ambao mambo ya eda na kurejeana wanayajua vizuri, watauliza mara moja: hawa wanakaaje nyumba moja? Watawaona wazinifu, na mwandishi hakuwaandika hivyo. Andika "mke aliyemtelekeza", au "mkewe aliyetupwa bila talaka".

Heshima ndiyo kazi ngumu zaidi, kwa kuwa hakuna neno la kuweka badala. Kiurdu kina "wewe" tatu. Aap ni ya heshima, tum ni ya mazoea, na tu ni ya mtu wa ndani kabisa, au Mungu anapoombwa, au mtu anapotukanwa. Khirad humwita mumewe aap, Ashar humwita mkewe tum. Sara, aliyekua na Ashar, humwita tum naye. Kwa hiyo kila Sara anapofungua mdomo mbele ya Khirad, mazoea yake yanasikika bila kutajwa. Mke anasikia mwanamke mwingine akizungumza na mumewe kwa ukaribu ambao yeye mwenyewe hajauthubutu. Kiingereza hakina kitu hicho, kina neno moja kwa wote. Kiswahili nacho kina "wewe" moja, lakini tuna njia nyingine. Chukua swali jepesi la chai. Kwa aap: "Nikuletee chai?" Kwa tum: "Utakunywa chai?" Kwa tu: "We, chai unataka?" Siri ni kwamba mwenye heshima halitamki neno "wewe" kabisa. Hulizunguka kwa "naomba", kwa jina la ujamaa, kwa kitenzi cha kuomba ruhusa. Mpe Khirad lugha hiyo sehemu zote 23, mpe Sara "wewe" na "hebu", na watazamaji watahisi wivu bila kujua umetoka wapi. Kuna kishawishi cha kumfanya Khirad amwite mumewe "Baba Hareem", kama mke wa kwetu angefanya. Kizuri, lakini kina wakati wake. Kabla Ashar hajajua kwamba mtoto ni wake, jina hilo linafichua siri ambayo tamthilia inaificha.

Shikamoo isiingizwe. Kule mdogo humpa mkubwa salamu ya Kiislamu, mkubwa humwekea mkono kichwani na kusema jeeti raho, yaani uishi. Ukiweka "shikamoo" na "marahaba" juu ya mkono ule kichwani, picha na maneno vinagombana. "Mungu akuweke" inatosha.

Maneno yanayofanana na yetu yasiyo yetu ni mtego kwa wanaosikiliza kwa sikio tu, na hasa wa pwani wanaodhani wanaelewa. Gharib kwa Kiurdu ni maskini, si mgeni. Fursat ni wasaa wa kupumzika, si fursa ya biashara. Taklif ni maumivu au usumbufu. Khat ni barua, hata ya mapenzi; ukiandika "hati" umempeleka mtazamaji ardhi na mahakamani. Bahar ni majira ya maua. Maaf ni msamaha. Jahaz ni chombo cha baharini lakini pia ndege, kwa hiyo mtu anayesemwa amefika kwa jahaz kutoka Dubai hakuja na tanga. Dupatta ni mtandio au ushungi, isiwe kanga. Majina ya watu yabaki yalivyo, ila yatamkwe: kh ya Khirad ni ile ya Khamis. Jina lenyewe maana yake akili, na Baseerat ni uoni wa ndani. Si lazima mtazamaji ajue, lakini mtia sauti akijua hatalitamka Baseerat kama jina la bidhaa.

Tukija kwenye ufundi, maandishi ya chini yana kanuni zinazojulikana: mistari isizidi miwili, kila mmoja usizidi kama herufi 42, yasikae chini ya sekunde moja wala kuzidi saba. Kiswahili kinateseka hapo kwa sababu vitenzi vyetu ni virefu. "Asingeliniambia" peke yake ni herufi 15. Usikate neno hilo mwisho wa mstari, na usilifasiri kila "lakini mimi" na "sasa sikiliza". Mtazamaji anamwona mtu akitikisa kidole. Hahitaji kusoma kwamba anaonywa.

Kwenye sauti, shida si urefu tu, ni mpangilio. Kiurdu huweka kitenzi mwisho, na neno la kukana, nahi, hukaa karibu nacho. Khoosat anaikata picha kwa kufuata hilo. Mtu anasema, na neno linapokamilika ndipo kamera inahamia usoni mwa anayesikiliza. Sasa Kiswahili hukana mwanzoni: "Sikufanya". Kosa linatokea hivi: msikilizaji kwa sauti yetu ameshakanwa, lakini uso wake kwenye picha bado umetulia, unaumia baada ya sekunde mbili. Watu husema waigizaji wameigiza vibaya, kumbe ni tafsiri. Dawa tunayo katika lugha yetu wenyewe: tanguliza kitu, kitenzi kije nyuma. "Mambo hayo, mama, mimi sikuyafanya." Kukana kunatua palepale uso unapobadilika. Vilevile midomo: m, b na p huonekana zikifungwa. Mujhe maaf kar do ina silabi tano na m inaonekana mara mbili. "Nisamehe" ina nne na m moja. "Mama, nisamehe" inapita vizuri kama anayeombwa ni mama. Chup karo ni silabi tatu, "nyamaza" tatu. Nahi ni mbili. "Hapana" ni tatu na midomo inafunga kwa p katikati, kwa hiyo kwa uso wa karibu "siyo" au "hata" hukaa vizuri zaidi.

Na jamani, kimya kiachwe. Desturi yetu ya msimuliaji mmoja anayesema juu ya picha nzima imefurahisha watu miaka mingi katika filamu za ngumi na za vita, na ina sanaa yake. Humsafar haiwezi kuibeba. Fikiria Khirad akiwa nje ya mlango usiku ule. Nusu ya uchungu wa pale imo katika mlango usiofunguliwa, na msimuliaji akijaza nafasi kwa "maskini ya Mungu, binti wa watu anateseka" amemnyang'anya mtazamaji kazi yake. Pahitaji sauti nyingi, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, na ujasiri wa kuacha sekunde kumi zipite bila neno.

Kuna jambo ambalo lazima liandikwe kwenye mkataba kabla ya fedha kutolewa. Sauti za tamthilia huwa kwenye traki mbalimbali: maneno peke yake, muziki na milio peke yake. Mnunuzi adai traki ya muziki na milio. Asipoipata, maneno ya Kiurdu hayawezi kutolewa bila kutoa na kila kitu kingine: nyayo, kikombe kinachowekwa mezani, kengele ya mlango, na wimbo. Hapo ndipo studio hulazimika kubandika muziki wowote ilio nao, na unaona watu wanatembea kwenye sakafu ya marumaru kama wanaelea.

Wimbo wa tamthilia wenyewe usiguswe. Maneno ni ghazali ya Naseer Turabi, mshairi aliyefariki Januari 2021, na katika tamthilia hii iliimbwa na Quratulain Balouch; kabla yake Abida Parveen alishaiimba. Wengi wanaoililia kama ya mke na mume hawajui kwamba Turabi aliiandika kwa majonzi ya mwaka 1971, Pakistan Mashariki ilipojitenga ikawa Bangladesh. Mwenzi wa safari aliyekuwa akilalamikiwa ni nusu ya nchi. Ghazali ina beti za mistari miwili miwili, kila beti imesimama peke yake, na vina vinafungwa kwa namna ambayo shairi letu la mishororo minne halifanyi. Akitokea malenga anayeweza kuitunga upya kwa mizani, na ajaribu kwenye karatasi. Kwenye skrini weka maana chini, mara moja, sehemu ya kwanza, basi.

Mapokezi nayo yaandikwe kwa haki. India iliipata Humsafar mwaka 2014 kupitia chaneli ya Zindagi iliyoanza Juni mwaka huo, ikapendwa hasa kwa ufupi wake na kwa Kiurdu chake; Septemba 2016, baada ya shambulio la kambi ya jeshi la India huko Uri, Kashmir, chaneli hiyo ikaacha tamthilia za Pakistan, na mwaka 2025 India ikazifungia hata chaneli za YouTube za vituo vya Pakistan. Hayo ni ya siasa. Lawama zilizotoka Pakistan kwenyewe ndizo zinazotuhusu sisi wa tafsiri. Walisema mwanamke mwema katika tamthilia hii ni yule mpole, mvumilivu, mwenye mtandio, na mbaya ni yule anayejiamini na kuvaa kisasa. Walisema Ashar alimhukumu mkewe bila kumsikiliza, na bado tukaombwa tumpende. Tunaona wana haki kwa sehemu kubwa. Lakini sehemu ya ubaya huo huongezwa na mfasiri. Khirad anaporudi haombi mapenzi. Anadai fedha za matibabu ya mtoto, kwa sauti kavu, na ile aap yake ya zamani sasa imekuwa ya baridi, heshima ya kumweka mtu mbali. Ukimfanya abembeleze, "tafadhali mume wangu nakuomba", umeua mwanamke aliyekuwa amesimama.

Mfano mwingine wa hatari hiyo ni Tere Bin ya kituo cha Geo cha Pakistan, iliyomalizika 2023 na sehemu 58, Yumna Zaidi na Wahaj Ali wakiwa Meerab na Murtasim. Mei mwaka huo sehemu moja ilimalizika kwa kudokeza kwamba mume amemwingilia mkewe kwa nguvu. Hasira za watazamaji zikawaka mitandaoni, na sehemu iliyofuata ikaja na maelezo kwamba kulikuwa na ridhaa. Mfasiri anayefika baadaye, akiwa ameshasoma ugomvi wote, hushawishika kulainisha sehemu ile ya kwanza ili ikubaliane na ya pili, au kuikoleza ili kumwaibisha mwandishi. Asifanye lolote kati ya hayo. Maneno yaliyosemwa ndiyo yaandikwe, na palipokatwa pabaki pamekatwa, ili watazamaji wa Kiswahili wagombane na tamthilia ile ile waliyogombana nayo watu wa Lahore.

Tunajua haya yote yana gharama. Lakini TBC ya Tanzania ilipoonyesha mwaka 2011 tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa sauti za Kiswahili, nchi nzima iliifuata, hata Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Ile nayo ilikuwa habari ya mkaza mwana na mama mkwe, na iliingia nyumbani kwa watu kwa kuwa waliosema walisema Kiswahili cha nyumbani.

Mwisho ni la Hareem. Kila kukiwa na mtoto, studio hutafuta mwanamke mzima abane sauti, kwa sababu mtoto huchoka, anahitaji mzazi pembeni na vipindi vifupi vya kurekodi. Hareem ni mtoto wa miaka michache, mgonjwa wa moyo, na maneno yake si mengi. Atafutwe mtoto wa kweli. Asisomewe kitabu, mzazi amtamkie mstari mmoja, yeye arudie, rekodi mara tatu, chukua ile aliyovuta pumzi katikati.

Ni sisi,
Wafasiri wa maandishi ya chini,
Mombasa